Pesa ya sola igawanywe kwa mita, si kwa mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugomvi unaoepukika kabisa katika majengo ya ghorofa hapa Dar es Salaam: jinsi ya kugawana gharama za umeme wa jua pale paneli zinapokuwa juu ya paa moja na chini yake wanaishi watu wa matumizi tofauti. Njia inayokimbiliwa ni kugawa kwa mlango. Msimamizi anajumlisha gharama, anagawa kwa idadi ya fleti, kila mlango unatoa sawa. Ni hesabu nyepesi kuiandika kwenye daftari, lakini inamnyonya mtu mmoja ili kumfaidisha mwingine, na wakazi wakishaligundua hilo wanaacha kulipa, mtambo unakosa matunzo, na paneli nzima zinakaa juu ya paa hazina kazi.

Tatizo liko kwenye saa. Paneli zinatoa sehemu kubwa ya umeme wake kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Saluni ya ghorofa ya chini muda huo imewasha mashine mbili za kukaushia nywele, na moja tu huvuta wati 1,000 hadi 2,000. Fleti ya ghorofa ya tatu, ambayo mume na mke wametoka alfajiri na watarudi usiku, ina friji peke yake. Wakilipa sawa, yule wa friji anamlipia mwenye saluni. Kugawa kwa ukubwa wa fleti hakuponyi kasoro hiyo, wala kugawa kwa vichwa: familia ya watu saba inayopikia gesi inaweza kutumia umeme mdogo kuliko kijana mmoja mwenye kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa.

Kabla ya kuzungumzia mita, pesa zenyewe zitenganishwe, kwa sababu zinachanganywa makusudi na bila kukusudia. Kuna pesa ya kununua na kufunga mtambo. Kuna pesa ya kuutunza: kuosha paneli, kukaza viungo, kuweka akiba ya kubadilisha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ambayo kwa kawaida huchoka baada ya miaka kumi hivi wakati paneli zinafika 25. Kisha kuna uniti zenyewe. Pesa ya kununua mtambo ni ya mwenye jengo, au ya wamiliki wa fleti kwa hisa zao pale ambapo jengo limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Paa katika jengo la namna hiyo ni mali ya wote. Mwenye fleti ya juu kabisa hana haki ya kulijaza paneli zake peke yake kwa sababu tu ndiye aliye karibu nalo. Mpangaji asichangishwe ununuzi wa mtambo. Atahama, paneli zitabaki, na hakuna mwenye nyumba atakayemfuata Mbagala kumrudishia chake. Mpangaji alipe uniti alizotumia, na ndani ya bei ya uniti hizo mwenye mtambo arudishe mtaji wake kidogokidogo.

Bei hiyo inapatikanaje? Tuchukue mtambo wa kilowati 10 za paneli, tuseme umegharimu Sh24,000,000 bila betri. Kwa jua la Dar es Salaam, ukipanga kwa uangalifu, kila kilowati ya paneli huhesabiwa uniti 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka, pamoja na miezi ya masika. Mtambo mzima una uwezo wa uniti 14,600 kwa mwaka. Wakazi wakizitumia asilimia 80, ni uniti 11,680. Mtaji ukirudishwa kwa miaka 10, kila uniti inabeba Sh205. Matunzo na akiba ya inveta, tuseme Sh600,000 kwa mwaka, yanaongeza Sh51. Jumla ni karibu Sh257 kwa uniti. Bei ya LUKU kwa mteja wa kundi T1, yaani la wateja wa kawaida wa majumbani na biashara ndogo, ni Sh292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika Sh356. Hapo sola ina faida, na kuna nafasi ya Sh99 ya kugawana kati ya mwenye mtambo na mtumiaji.

Sasa chukua mtambo uleule kwenye jengo ambalo mchana halina watu, uniti zinazotumika ziwe asilimia 40 tu. Gharama ileile inabebwa na uniti 5,840, na kila moja inapanda hadi Sh514. Hakuna mgawanyo wa haki unaoweza kuokoa mtambo huo, maana kinachogawanywa ni hasara. Kwa hiyo mwenye jengo apime matumizi ya mchana kwanza, wiki mbili walau, ndipo aamue idadi ya paneli. Wengi wanafanya kinyume: wanaanza na ukubwa wa paa. Na kazi zinazoweza kusogezwa zisogezwe. Pampu ya kujaza matangi ifungwe taima ijaze kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana badala ya kuwaka usiku kila boya la tangi linapoita maji. Mashine ya kufulia ya pamoja vivyo hivyo.

Kuna kundi moja ambalo sola ya jengo inaweza kuliumiza, na sijaona likizungumzwa. Ni wateja wa D1, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa Sh100 kwa uniti, yaani Sh122 pamoja na kodi na tozo. Ili sola moja ihudumie fleti zote, mafundi hupendekeza mita za LUKU za kila fleti ziondolewe, jengo libaki na mita moja kubwa ya TANESCO na ndani yake mita ndogo za binafsi. Mita kubwa haiwezi kuwa D1. Mjane wa chumba na sebule aliyekuwa akitumia uniti 60 alikuwa analipa Sh7,320 kwa mwezi. Ndani ya mfumo mpya, nusu ya uniti zake zikitoka kwenye sola kwa Sh257 na nusu kwenye LUKU kwa Sh356, atalipa zaidi ya Sh18,000. Bili yake imepanda mara mbili na nusu, na tangazo mlangoni linamwambia amepunguziwa. Jengo lenye wakazi wa D1 wenye mita zao liwaache na mita zao.

Kwa majengo hayo, njia ya kwanza, na iliyo salama, ni kuielekeza sola kwenye mita ya huduma za pamoja peke yake: pampu, lifti, taa za ngazi, kamera, geti. Hakuna waya unaoingia kwenye fleti ya mtu, hakuna mita ndogo ya kubishania, na akiba inaonekana kwa kupungua gharama za huduma ambazo kila mtu analipa kwa kiwango alichokubali tangu mwanzo. Kama mtambo ni mdogo, kilowati 3 hadi 5, ningeshauri jengo lolote lianzie hapo.

Njia ya pili ni kuvuta laini ya sola ndani ya kila fleti kwa ajili ya vifaa maalumu, kwa mfano friji na taa, na kuiwekea mita yake. Inawezekana, ila hapo fleti moja ina vyanzo viwili vya umeme na nyutro zake, yaani nyaya za kurudishia umeme, zisikutane popote. Fundi akichanganya nyutro ya laini ya sola na ile ya LUKU, breka ya kinga ya uvujaji itakuwa inaanguka bila sababu inayoonekana, na mtu akizima swichi kubwa akidhani amekata umeme wote anaweza kupigwa shoti na laini ya pili. Bodi ibandikwe maandishi makubwa ya onyo, na swichi ya kuhamisha iwe ya aina inayoachia chanzo kimoja kabisa kabla ya kushika kingine.

Njia ya tatu ndiyo hiyo ya mita kubwa na mita ndogo, inayofaa majengo ya T1 yenye maduka, ofisi na fleti za matumizi makubwa. Hapa ndipo penye hesabu, na hapa ndipo penye udanganyifu.

Mgawanyo ulio sahihi kuliko yote ni wa robo saa kwa robo saa. Kila baada ya dakika 15 mfumo unasoma sola imetoa kiasi gani na kila fleti imetumia kiasi gani. Tuseme saa saba mchana sola ina uwezo wa uniti 2 katika robo saa na jengo zima linatumia 1.6: kila aliyetumia ametumia sola tupu. Saa kumi na moja jioni sola imeshuka hadi 0.5 na jengo linatumia 2. Sola ni robo ya matumizi, kwa hiyo kila mkazi anahesabiwa robo ya matumizi yake kuwa ya sola. Fleti iliyotumia 0.8 inapata 0.2 za sola na 0.6 za LUKU. Saa mbili usiku hakuna sola, wote ni LUKU. Mwisho wa mwezi robo saa zote zinajumlishwa. Hakuna anayeweza kusema ameonewa, kwa kuwa kila mtu amepata kwa uwiano wa alichokuwa anakitumia wakati jua lipo.

Mita za kufanya hivyo zinafungwa kwenye reli ya bodi na zinaunganishwa kwa waya wa data kwenda kwenye kifaa kimoja cha kukusanya kumbukumbu. Waya huo upite mita hadi mita kwa mstari mmoja, usitoe matawi kama mti, na ncha zake mbili zifungwe kizuizi cha omu 120, la sivyo takwimu zitakuwa zinakatika. Kila mita ipewe namba yake. Zinapotoka dukani nyingi zina namba 1; ukizifunga 12 bila kuzibadilisha, zote zinajibu kwa mpigo na hakuna kinachosomeka. Chagua mita ambazo kosa lake halizidi asilimia 1, na uzihesabie kuwa nazo zinakula umeme: mita 13 zikitumia wati 1 kila moja, ni uniti 9 hivi kwa mwezi ambazo hazina mwenyewe.

Jengo lisilo na uwezo wa mfumo huo litumie mita zenye rejista mbili, ya mchana na ya usiku, zikiendeshwa na taima moja inayobadilisha saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Tuseme mwezi huu sola iliyotumika ni uniti 975, na rejista za mchana za jengo zima zimejumlisha 1,300. Gawanya: 0.75. Fleti iliyosoma uniti 80 za mchana inahesabiwa 60 za sola. 20 zilizobaki pamoja na za usiku ni LUKU. Si sahihi kama robo saa, lakini iko mbali mno na ule mgawo wa kwa mlango, na mkazi yeyote mwenye kalamu anaweza kuihakiki.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana, na mengi yanatoka siku ya kufunga. La kwanza ni fezi, yaani zile nyaya za moto zinazoleta umeme kwenye jengo. Jengo likiwa na fezi tatu na inveta ikawa ya fezi moja, sola inafika kwa fleti zilizo kwenye fezi hiyo tu, yaani theluthi ya jengo, huku wote wanalipia. Inveta iwe ya fezi tatu, au ziwe tatu za fezi mojamoja, na fleti zisambazwe ili mzigo wa mchana ulingane.

La pili ni umeme unaorudi nyuma. Sola ikizidi matumizi, ziada inataka kutoka kwenda TANESCO. Baadhi ya mita za malipo ya kabla hazitofautishi kinachoingia na kinachotoka: zinakata uniti kwa vyote viwili, au zinajifunga zikidhani zimechezewa. Wakazi wanashangaa LUKU inaisha haraka zaidi tangu sola ifungwe. Dawa ni inveta kupangwa isirudishe umeme, na kazi hiyo inategemea zile pete za kupimia mkondo ambazo mafundi tunaziita CT. Pete ikivishwa kinyume, inveta inaona kinachoingia kama kinachotoka. Kipimo chake ni rahisi: usiku, sola ikiwa imelala, kioo cha inveta kionyeshe jengo linanunua umeme. Kikionyesha linauza, pete imegeuzwa. Na mtambo wowote unaoungana na waya wa TANESCO ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na TANESCO wenyewe wawe na taarifa, kwa usalama wa mafundi wao wanaopanda nguzo wakati umeme umekatwa.

La tatu ni uwiano wa CT kwenye mita kubwa za ndani. Pete ya 100/5, yaani inayopunguza mkondo wa ampea 100 kuwa 5, isipoingizwa kwenye mipangilio, mita inasoma moja ya ishirini ya ukweli. Mwenye duka kubwa anaonekana anatumia kama fleti ya chumba kimoja. Kila mwezi jumla ya mita ndogo ilinganishwe na LUKU pamoja na sola. Pengo la asilimia 2 au 3 ni la waya na mita zenyewe. Likivuka 5, kuna mita mbovu, uwiano uliokosewa, au mtu amejiunganishia, na litafutwe kabla ya kumtoza mtu yeyote pengo hilo.

Kwenye karatasi ya bili kuna jambo linalofichwa sana. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Msimamizi akichukua pesa yote aliyonunulia LUKU akaigawa kwa uniti, kodi hiyo inaingia kimyakimya kwenye bei ya uniti na mpangaji analipa kodi ya mwenye nyumba. Stakabadhi ya LUKU inaonyesha kila makato kivyake. Ichukuliwe thamani ya umeme na tozo zake tu. Kodi ya jengo abaki nayo mwenye jengo. Na kila mwezi ubaoni pale chini ya ngazi ibandikwe karatasi yenye uniti za LUKU zilizonunuliwa pamoja na picha za stakabadhi, uniti za sola, jumla ya mita ndogo, pengo, na bei mbili zilizotumika. Karatasi hiyo moja inamaliza maneno mengi kuliko vikao vitatu.

Bei ya sola iwe na dari. Ujerumani, ambako umeme wa jua wa wapangaji una sheria yake, bei yake hairuhusiwi kuvuka asilimia 90 ya bei ya kawaida ya umeme ya eneo husika. Nasi tunaweza kuandika kwenye mikataba yetu dari kama hiyo, bila kusubiri sheria: kwa Sh356 ya LUKU, sola isizidi Sh320. TANESCO wakipandisha bei, sola isipande nayo, kwa kuwa jua halikupanda. Ipitiwe mara moja kwa mwaka kwa uniti halisi zilizotoka.

Betri zihesabiwe kando kabisa. Anayetumia mchana hahitaji betri na asiilipie. Betri ya lithiamu ya uniti 10, ikitumiwa asilimia 80 kwa mizunguko 6,000, hutoa uniti 48,000 maishani mwake. Kama imenunuliwa kwa Sh6,000,000, kila uniti inayopitia humo inaongezeka Sh125 juu ya bei ya sola, na bado kama asilimia 10 hupotea njiani. Kwa Sh257 ya mchana, uniti ya usiku inakaribia Sh410, ghali kuliko LUKU. Betri ya jengo basi inunuliwe kwa ajili ya umeme unapokatika, iwashe taa za ngazi, pampu na geti, na gharama yake iwekwe kwenye huduma za pamoja. Ikumbukwe pia kwamba inveta ya kawaida isiyo na betri hujizima yenyewe pale umeme wa TANESCO unapokatika, hata jua likiwaka. Inafanya hivyo kwa usalama. Wakazi waambiwe mapema, maana wengi wanaamini wamelipia kinga ya mgao.

Matunzo nayo yana haki yake. Vumbi na kinyesi cha kunguru hupunguza umeme, na chumvi ya bahari hula viungo kwa majengo ya Upanga, Masaki na Kigamboni. Paneli zioshwe asubuhi na mapema kwa maji matupu na brashi laini. Maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua. Na mwenye jengo akiongeza simtanki juu ya paa likatia kivuli paneli mbili, hasara ya uniti hizo ni yake, isisambazwe kwenye bei, kwa kuwa kivuli cha paneli moja kinaweza kudhoofisha mstari mzima ulioungwa nayo.

Kwenye mkataba wa pango viandikwe vitu vichache vinavyokosekana karibu kila mahali: bei ya sola na jinsi ilivyokokotolewa, tarehe ya kusoma mita, na mpangaji awepo au atumiwe picha, akiba ya wiki mbili ya LUKU inayowekwa na mwenye jengo ili asiyelipa mmoja asiwazimie wote usiku wa Ijumaa, na siku ya kuhama mita isomwe papo hapo, alipe alichotumia, aondoke. Fleti ikiwa tupu, hisa yake ya mtaji inabaki kwa mmiliki wake, wasibebeshwe majirani. Na kiandikwe mwaka ambao mtaji utakuwa umerudi. Kuanzia mwaka huo, ile Sh205 inaondoka kwenye bei, na wakazi wanalipa matunzo na akiba ya vipuri tu.

Fundi wa umeme wa majengo,
Dar es Salaam